Kilo Tano Kamili

Ujumbe wa sauti wa Papa Théodore uliingia saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Alhamisi, Ornella akiwa bado na kipande cha mkate mdomoni. Papa Théodore ni muuguzi, na ndiye anayepima watoto wenye utapiamlo katika kituo cha lishe cha masista, kule juu Cimpunda. Ni mtu wa salamu ndefu. Ukitaka kujua shida yake lazima kwanza umsikilize akiuliza habari za mama yako, za mvua na za kazi, kwa hiyo Ornella aliiweka simu mezani akaendelea kutafuna.

"Maman Ornella, jambo sana. Mulilala namna gani kule? Hapa tuko salama. Ile liste ya leo nimeishaipata, aksanti, machine yenu inatumika muzuri sana. Ila leo haitakuwa siku ya kawaida, ma soeur Anne-Marie anakasirika. Iko bamama sept wenye banauzisha pakiti za batoto ku soko. Batoto yabo habapande kilo, kwisha wiki mbili. Mbele hatukukuwaka na hii mambo, hata mumoja. Na kitu inanishangaza, karibu bote ni batoto ba kilo cinq. Cinq juste! Leo tutabasimamisha mbele ya benzabo. Bon, usalimie maman."

Mtu mwingine angesikia habari ya akina mama saba wezi. Ornella alisikia namba. Aliurudisha ujumbe nyuma, akausikiliza tena, na aliposikia mara ya pili "cinq juste", tano kamili, akausahau mkate mezani.

Ili uelewe hofu yake, inabidi uijue ile kompyuta iliyo chini ya meza. Ofisi yao ni chumba kimoja pale Nyawera, na mashine ya kutegemewa ni moja tu, ile iliyofungwa kwenye betri za paneli za jua. Umeme wa Bukavu hauna adabu, unaondoka bila kuaga. Basi kazi zote za ofisi zimerundikwa ndani ya mashine hiyo. Kwanza kuna programu ya masista, iliyoandikwa miaka mingi iliyopita na Alphonse, mtu aliyemfundisha Ornella kazi kabla ya kuhamia Bujumbura. Kila wiki Papa Théodore anatuma uzito wa watoto, programu inagawanya, na inarudisha orodha: mtoto fulani, pakiti kadhaa za karanga ya dawa iliyosagwa kwa siku. Halafu kuna programu ya ushirika wa kahawa wa Minova, kazi mpya, aliyoiandika Ornella mwenyewe.

Programu hizi mbili zimeandikwa kwa lugha moja ya kompyuta, lakini kwa matoleo tofauti. Ya masista iliandikwa kwa toleo la zamani, ambalo hata waliolitengeneza wameshaliacha. Ya kahawa hailitaki kabisa toleo hilo, inadai jipya. Alphonse alikuwa na dawa ya ugomvi huo. Kila kazi aliipa chumba chake ndani ya mashine, na toleo lake humo humo, moja lisiliguse jingine. Juu ya kifuniko cha mashine alibandika karatasi kwa gundi: KILA KAZI NA VERSION YAKE. USICHANGANYE.

Ornella alichanganya. Wiki mbili na siku chache zilizopita nafasi ilijaa kwenye mashine, watu wa kahawa walikuwa wanaleta wageni kutazama programu yao, na yeye maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akakifuta chumba cha zamani chote, akaihamishia programu ya masista kwenye toleo jipya. Haki yake tusimnyime, hakufanya ovyo. Mwanzoni programu ilikataa, skrini ikajaa mistari myekundu ya makosa, naye akakaa siku nzima akisahihisha mmoja baada ya mwingine. Wekundu ulipokwisha, akajaribu watoto watatu, orodha ikatoka safi. Akajipongeza, akamcheka Alphonse na karatasi yake, eti mzee alikuwa mwoga. Maana sisi wa kazi hii tuna ujinga mmoja: tukiona wekundu umekwisha, tunadhani na kosa limekwisha.

Sasa alikuwa amepiga magoti chini ya meza, anapekua droo ya chini akitafuta diski ya Alphonse. Aliipata chini ya nyaya zisizojulikana ni za nini. Humo Alphonse aliweka kila kitu alichowahi kukipakua, kwa sababu enzi zake intaneti ilikuwa ya kusubiri kama foleni ya maji. Toleo la zamani lilikuwepo. Ornella akalitengenezea chumba chake pembeni, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo, na akabaki anautazama ule mstari wa kijani ukitambaa kwenye skrini. Asilimia kumi. Asilimia kumi na mbili. Saa ilikuwa mbili na nusu, na kituo kinafungua mlango saa tatu.

"Isiwe miye," alisema kwa sauti, peke yake chumbani. "Mungu, isiwe miye."

Mstari ulipofika mwisho, akachukua orodha moja ya uzito, ile ya leo, yenye watoto sitini na watatu. Akalilisha toleo jipya orodha hiyo, kisha akalilisha toleo la zamani. Halafu akaiambia mashine imwonyeshe mistari iliyotofautiana tu.

Ikatoka saba.

Watoto sita wa kilo tano kamili, na mmoja wa kilo tisa kamili. Toleo la zamani liliwapa wale sita pakiti tatu kwa siku. Toleo jipya liliwapa mbili, na yule wa kilo tisa likampa nne badala ya tano.

Ornella aliuelewa mchezo huo pale pale, na kuuelewa kulimuumiza zaidi. Alphonse aliandika kwamba mtoto apate nusu pakiti kwa kila kilo, halafu hesabu ifanywe namba nzima, kwa sababu pakiti haikatwi. Kilo tano ni pakiti mbili na nusu. Toleo la zamani likikuta nusu, linapanda juu: tatu. Toleo jipya likikuta nusu, linakwenda kwenye namba shufwa iliyo jirani, yaani inayogawanyika kwa mbili: mbili. Kwa kilo saba, tatu na nusu, yote mawili yanasema nne, hakuna anayegundua. Kwa kilo tano na nusu hakuna tofauti. Ni kilo tano kamili, na tisa kamili, zinazoibiwa pakiti moja kila siku, na mizani ya masista ni kuukuu, ina alama za nusu kilo tu, kwa hiyo watoto wa kilo tano kamili hawakosekani. Wale watatu aliowajaribu siku ile hawakuwa na kilo tano. Kosa lenyewe halikuandika mstari mwekundu hata mmoja. Lilikaa kimya, likafanya kazi yake, na likawaacha akina mama wasimame mahali pake.

Alipiga simu ya Papa Théodore. Imezimwa. Akapiga ya Sista Anne-Marie. Imezimwa nayo. Ndipo akakumbuka: siku ya kupima, sista anaweka simu zote kwenye kikapu kimoja, yake ikiwa ya kwanza, ili watu watazame watoto badala ya kutazama skrini. Ornella aliwahi kuusifia utaratibu huo. Leo aliulaani.

Akachapa orodha zote mbili, akazitia kwenye mfuko wa nailoni, akashuka ngazi mbili mbili.

Pikipiki ilimpeleka hadi soko la Kadutu na hapo ikakwama. Mvua ya jana ilikuwa imeshusha tope, lori la mbao limelala ubavu katikati ya njia, na kila mtu anampigia honi mwenzake.

"Maman, tungojee kidogo tu," alisema dereva.

"Kidogo ni ngapi?"

Dereva akalitazama lori, akazima pikipiki. Ornella akaruka chini, akaanza kupanda kilima kwa miguu, viatu vya ofisi vikiteleza, mfuko ameukumbatia kifuani.

Na njiani, wazo likamjia. Tuseme ukweli, lingemjia yeyote. Hakuna mtu Cimpunda anayejua kilichomo ndani ya ile mashine. Angeweza kufika, akamnong'oneza sista kwamba programu imeboreshwa, kwamba kuanzia leo watoto wa kilo tano wataongezewa pakiti. Watoto wangekula. Masista wangemshukuru. Kazi isingepotea, na mkurugenzi wake asingesikia lolote. Wale akina mama saba? Wangeonywa, wangesahau. Watu husahau, si ndiyo? Alipanda hatua ishirini nzima akiwa amelikubali wazo hilo, na katika hatua hizo ishirini moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kutulia huko ndiko kulikomtia aibu. Akaanza kukimbia.

Kituo ni banda refu la mabati pembeni mwa kanisa, na mizani inaning'inia kwenye boriti ya mlango. Ornella alitegemea kelele, maana watoto sitini hawanyamazi pamoja. Lakini aliingia kwenye ukimya. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wote wanatazama mbele, na huko mbele wanawake saba walikuwa wamesimama kwenye mstari, watoto mgongoni. Wa mwisho, mwembamba, wa kitenge cha buluu kilichopauka, alikuwa anajifuta wino kwenye kidole gumba.

"Maman Ornella!" Papa Théodore alinyanyuka, uso umemjaa furaha. "Umekuja kutazama? Karibu! Lakini tumeishamaliza. Bote sept balikubali."

"Balikubali nini?"

"Kama banauzisha. Balitia kidole mu kaye." Alilipapasa daftari, akamnyooshea kidole yule wa kitenge cha buluu. "Huyu Monique alikataa mara mbili, kisha akakubali. Sasa batabakia ku programme, na onyo. Mwenye angekataa, angerudisha carte ya mutoto na kwenda kwake. Unaona? Machine haidanganyake."

Ornella alikuwa bado anahema. Jasho lilimtoka hadi kwenye nyusi. Aliwatazama wale saba, na hakuna hata mmoja aliyemtazama.

"Papa Théodore, ilidanganya."

"Nani?"

"Machine. Balidanganya bote, papa. Machine, na bamama. Hakuna mwenye aliuzisha."

Sista Anne-Marie alitoka kwenye ghala nyuma, mikono imejaa pakiti. Ni mwanamke mrefu wa Kamanyola, mwenye sauti ya chini inayowatia watu hofu kuliko kelele. "Unasema nini, mutoto wangu?"

Ornella akaziweka orodha mbili mezani, ubavu kwa ubavu. Alikuwa ameandaa maelezo njiani, yote yalimtoroka. Akaweka kidole kwenye jina la kwanza. "Hapa, kilo cinq. Hii liste ya zamani inasema pakiti tatu. Hii yenye muko nayo inasema mbili. Na hapa, vile vile. Na hapa. Kwisha wiki mbili, ma soeur, munabapa mbili, na ilipashwa kuwa tatu. Batoto habakupanda kilo, juu habakukula ya kutosha. Nilichanganya version mbili. Ni miye."

Sista alisoma majina kwa kidole, midomo inacheza. Alipofika la saba alirudi la kwanza, akasoma tena.

Papa Théodore hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana alichouliza kilisikika vibaya zaidi. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. "Lakini kama habakuuzisha, juu ya nini balikubali?"

Mtoto mmoja alikohoa kwenye benchi la nyuma.

"Ungefanya nini, papa?" Ni Monique aliyesema, bila kugeuka. "Carte ya Gloire ilikuwa mu mukono yako."

Papa Théodore akatazama mkono wake, ule ulioishika kadi ya mtoto huyo.

"Na nilikuambia," Monique akaendelea, akihesabu Alhamisi kwa vidole, na sasa sauti ilikuwa inapanda. "Jeudi ya kwanza nilikuambia, papa, mbele mulikuwa munanipa tatu, leo juu ya nini mbili? Ukanijibu, machine njo inahesabu, hapana weye. Ile jeudi ingine nikasema tena. Ukacheka. Basi leo munaniuliza kama nilikula pakiti ya mutoto wangu ao niliuzisha, na machine inasema sawa na ninyi. Nilikuwa na kinywa gani tena?"

Papa Théodore aliketi. Alikumbuka, ilionekana waziwazi usoni mwake kwamba alikumbuka.

Na Ornella, aliyedhani tangu asubuhi kwamba yeye ndiye wa kwanza kuliona kosa, akajua kwamba mwanamke huyu aliliona wiki mbili kabla yake, bila kompyuta, kwa kuhesabu tu pakiti mkononi mwake. Akamwangalia mtoto. Gloire alikuwa amelaza shavu kwenye mgongo wa mama yake, macho makubwa, shingo nyembamba. Kilo tano kamili, na miezi kumi na mmoja.

Sista Anne-Marie hakutoa hotuba. Alichukua daftari, akaichana karatasi yenye alama saba za vidole mbele ya macho ya wote, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akawaomba msamaha mmoja mmoja, kwa majina, na Papa Théodore akafuata nyuma yake, anapeana mikono. Kila mama akahesabiwa pakiti zilizopungua, kumi na nne. Monique hakukubali kuhesabiwa. Alizihesabu mwenyewe, moja moja, akazifunga kwenye ncha ya kitenge. Wale wengine sita waliondoka upesi, kama watu wanaoogopa uamuzi utabadilika tena. Yeye akabaki, akamjia Ornella karibu sana.

"Weye njo ulifanya?"

"Ni miye, maman. Pardon. Nitatengeneza leo hii hii, na—"

"Utatengeneza. Ndiyo. Lakini sasa utashuka na miye."

"Kwenda wapi?"

"Ku robinet."

Ornella hakuelewa, na Monique akamweleza kama unavyomweleza mgeni. Waliopimwa kwanza walishaondoka. Walimwona amesimama, wakamsikia anasema ndiyo niliuzisha, na kutoka hapo waliteremka moja kwa moja hadi kwenye bomba la maji. Monique ametoka Walungu, anakaa kwa wifi yake tangu mwezi wa pili, na wifi anachota maji pale pale. Karatasi ya sista imechanwa, vizuri sana, lakini pale bombani hakuna aliyeiona ikichanwa.

Waliteremka pamoja. Ornella alijaribu mara mbili kuanzisha mazungumzo na mara mbili akashindwa. Hili lilikuwa gumu kuliko kule ofisini, pale alipoona mistari saba. Kule alikuwa na kitu cha kufanya. Hapa alikuwa na kinywa chake tu. Njia nzima Gloire alimtazama kutoka mgongoni kwa mama yake, ananyonya pakiti iliyofunguliwa, karanga imempakaa kidevuni, na alinyonya bila kupumzika.

Bombani kulikuwa na wanawake kumi na watatu hivi na bidoni zao, madumu ya njano. Walipomwona Monique, maneno yakakatika. Mmoja akainama, akajifanya anakaza kifuniko cha bidoni ambacho kilikuwa kimekazwa tayari.

"Sema," Monique alimwambia Ornella.

Ornella akasogea mbele. "Jambo, bamama. Miye natumikaka ku ordinateur, ile kompyuta. Kulikuwa kosa ndogo mu machine ya masista, juu ya—"

"Machine haiko hapa," Monique akamkatiza. "Sema nani."

Maji yalikuwa yanajaza bidoni, na hakuna aliyeyafunga. Ornella alihisi macho ya wanawake wote, na nyuma yao njia ya kuteremkia mjini, wazi kabisa, isiyo na mtu wa kumzuia.

"Ni miye," alisema. "Jina yangu Ornella. Ni miye nilikata pakiti ya huyu mutoto. Kila siku moja, kwisha wiki mbili. Maman yake aliona, akasema, na habakumusikiliza. Hakuuzisha."

Mwanamke mmoja aliuliza polepole, "Hakuuzisha hata moja?"

"Hata moja."

Monique alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kitenge. "Rudilia," alisema. "Wifi yangu iko kule nyuma, hakusikia."

Ornella akageukia kule nyuma, akarudia kwa sauti kubwa zaidi.